Nilivyomchonga Baba Katika Kisiki cha Kahawa

Msiniulize habari za twiga. Kila Jumamosi anakuja kijana mmoja au wawili hapa kwangu Uru, wananiamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba, wanakaa, wanakunywa chai yangu, halafu swali la kwanza ni hilo hilo: "Mzee, twiga anachongwaje shingo isikatike?" Nimeshika tezo tangu nikiwa na nywele nyeusi mpaka vidole vimekataa kukunjuka, nimechonga wajane, wapagazi, watu waliolala na njaa, na kinachotakiwa kwangu ni shingo ya twiga.

Basi niwajibu tuachane nalo. Inakatika kwa sababu mnaanza kuchonga kabla hamjautazama mti. Nyuzi za mbao zina njia yake. Shingo lazima ipande nazo. Ukiipinda kwa urembo ukazikata nyuzi, umeshaivunja tayari, unasubiri tu mteja aibebe. Ndiyo siri yote. Sasa tunaweza kuongea mambo ya maana?

Kazi nilijifunza Moshi mjini kwa Fundi Saidi, mzee wa kusini aliyekuja huku zamani kukata mkonge. Mkonge ulipomchosha akafungua kibanda cha kuchonga kule Majengo. Nilimfuata miaka ile ambayo maduka yalianza kuwa na sabuni tena, biashara zikafunguliwa, na wageni wa kupanda mlima wakawa wengi kuliko vitanda vya kuwapokea. Nilikuwa seremala wa vitanda, najiona fundi. Fundi Saidi aliitazama patasi yangu, akaipitisha kwenye ukucha wake, haikukwangua kitu.

"Wewe hukuwa unachonga," akaniambia. "Ulikuwa unaupiga mti mpaka unakubali."

Miezi mitatu ya kwanza nilinoa tu. Zake, zangu, na visu vya mke wake vya jikoni. Nilinuna sana. Ninyi nikiwaambia mnoe siku tatu mnaniambia mna haraka, mna oda za watu mtandaoni. Haya.

Siku moja Fundi alikwenda kuzika mtu mtaa wa Pasua, akaniachia kibanda. Akaja mama mmoja wa kizungu, blauzi nyeupe pe, anataka sanamu ya mpingo. Mpingo hatukuwa nao, ulikuwa umekwisha wiki nzima. Nikamwambia asubiri kidogo, nikaingia ndani, nikachukua sanamu ya mringaringa, mti mweupe kabisa, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu mara mbili, nikaisugua kwa brashi mpaka ikang'aa kuliko mpingo wenyewe. Mama akafurahi. Akaikumbatia kama mtoto, akaondoka nayo kwa miguu, kwenye jua la Februari la Moshi ambalo mnalijua.

Alirudi kabla Fundi hajamaliza kunawa miguu aliporejea msibani. Kifua chote kilikuwa cheusi, na shingo, na shavu moja alikokuwa ameilaza. Aliinyoosha tu ile sanamu mbele yetu. Fundi Saidi alimtazama yeye, akaitazama sanamu, akanitazama mimi.

"Deo," akasema polepole, "mpingo wako unatokwa jasho."

Akaingia ndani, akatoa kazi yake mwenyewe aliyokuwa ameificha asiiuze, ya mpingo wa kweli, akampa yule mama bure. Ndipo nikajua kuwa kanuni ya kwanza ya kazi hii haihusu patasi. Mti ukiwa mweupe, sema mweupe. Mtu akitaka mweusi, mwambie aende kwingine au arudi mwezi ujao. Lakini naona hata leo pale barabarani mnapaka. Harufu tu inawasema kabla sijashuka kwenye pikipiki.

Mngedhani baada ya aibu ile ningekuwa msikivu. Wapi! Mwaka uliofuata parokia yetu huku juu iliniomba nichonge Mtakatifu Yosefu, iwe tayari kwa sikukuu. Nikakata mringaringa kwenye kihamba cha mjomba, shamba lake la nyumbani, na kuupeleka mjini. Fundi Saidi akaligusa gogo, mkono ukalowa.

"Huu mti wiki iliyopita ulikuwa na ndege," akasema. "Uache."

"Sikukuu iko karibu, Fundi."

"Yosefu wenu amesubiri karibu miaka elfu mbili. Hawezi kusubiri mvua mbili?"

Nikachonga. Ikatoka sanamu nzuri, niseme ukweli, ndevu zilikuwa na mawimbi, mkono umeshika randa. Ikawekwa karibu na altare, nyuma ya mishumaa. Mishumaa! Upande mmoja baridi ya mlimani, upande mwingine moto. Katikati ya mahubiri tukasikia paa! Kanisa zima likashtuka. Yosefu alikuwa amepasuka kuanzia kwenye paji la uso, kupitia puani, mpaka kwenye ndevu. Bibi mmoja alipiga magoti akaanza litania. Paroko aligeuka kuitazama sanamu, kisha akatugeukia.

"Naona hata Yosefu amechoka," akasema. "Tusimame, tusali Nasadiki."

Baba yangu alikuwa benchi la pili. Mzee Kanuti, mtu mfupi, mkimya, mkulima wa kahawa ambaye hakuwahi kusifia kitu mbele ya mwenye nacho. Tulitembea naye mpaka nyumbani. Tulipofika getini ndipo akasema, "Siku nyingine chonga kitu ambacho kimeshakufa."

Kwa hiyo kaushieni mti kivulini, si juani. Pakeni nta kwenye vichwa vya gogo, maana maji hutokea huko kwa haraka na ndiko ufa unakoanzia. Geuzeni. Subirini. Na msiniulize kama kuna njia ya mkato, kwa sababu mnaijua, na mtaitumia.

Sasa niwaambie habari za kahawa, maana ndiyo iliyonipa jina la Deo Kisiki, na ndiyo iliyonigombanisha na baba.

Ninyi mliozaliwa juzi mmekuta migomba na nyasi za ng'ombe, mnadhani huku kulikuwa hivyo siku zote. Kihamba chetu kilikuwa na mibuni chini ya migomba kila hatua. Kahawa ile ilitusomesha, iliezeka nyumba, ilimlipia kaka yangu Sirili mahari. Zamani hukuruhusiwa kuikata hovyo, ukikata mbuni ulikuwa unaitwa mbele ya wazee kujieleza kama umempiga mtu. Halafu bei ikaanguka. Wanunuzi wakawa wengi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake, na bei ikazidi kwenda chini, mpaka dawa ya kupulizia ikawa ghali kuliko kahawa yenyewe. Watu wakaanza kung'oa. Wa kwanza waling'oa kwa siri, upande wa nyuma. Baadaye wote wakawa wanang'oa mchana kweupe.

Baba alikataa. Sirili, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye na kumtunza, alimwambia mara nyingi: "Baba, watoto hawali majani ya kahawa." Baba alikuwa anajibu, "Bei inaanguka, inapanda. Mti hauanguki ukapanda." Wakaendelea hivyo misimu miwili. Mwishowe baba akaugua kichomi, akalazwa wiki tatu. Aliporudi, mibuni yote ilikuwa imeng'olewa na imerundikwa kando ya zizi, visiki na mizizi yake, tayari kuwa kuni. Mahali pake Sirili alikuwa ameshapanda nyasi za ng'ombe.

Nilikuwepo siku hiyo, mimi ndiye niliyempokea kwenye gari. Alisimama kwenye kihamba akiwa amevaa koti la hospitalini juu ya kanzu. Sirili akaanza kueleza, nyasi, maziwa, ada. Baba akamwinulia mkono tu. Akaenda hadi kwenye lile rundo, akalizunguka, akainama akashika kisiki kimoja kinene. "Huu nilipanda na mama yenu," akasema. "Kabla yenu wote." Akaingia ndani akalala.

Mimi nikakiomba kile kisiki kwa Sirili. Nikaomba na vingine. Akacheka akasema nibebe vyote, kuni zipo nyingi.

Hapo ndipo kazi yangu ya kweli ilipoanza, na hapo ndipo wataalamu wa sanaa wanaponiudhi. Mbao ya mbuni wa zamani ni ngumu kama pembe, rangi yake kama maziwa yenye chai kidogo. Inakataa tezo, inataka patasi nyembamba na subira. Na mizizi inakua ikikumbatia mawe. Usipoangalia unapiga jiwe. Patasi bora niliyopewa na Fundi Saidi ilivunjika ncha siku ya kwanza, nikakaa chini nikitukana. Kuanzia siku hiyo nikawa nachonga shina tu, uso na mabega, mizizi naiacha juu kama ilivyo, na mawe yake. Nilikigeuza kisiki kichwa chini, mizizi ikawa nywele, au mzigo mtu aliojitwisha. Mwandishi mmoja akaja kuandika kwamba ile mizizi ni kilio cha bara zima. Sikuwa na kilio cha bara. Nilikuwa sina patasi nyingine.

Lakini watu waliotoka humo walikuwa watu ninaowajua. Mama anayeshuka sokoni na mkungu kichwani. Mpagazi anayerudi mlimani na mzigo wa mtu mwingine. Mzee anayesubiri zamu yake penye mizani. Mwenye duka la kumbukumbu za watalii alizikataa zote. "Hawa watu wako wanasikitika," akasema, "mgeni yuko likizo." Fundi Saidi, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, alizipapasa moja moja kwa vidole, kisha akaniambia nizichongee masikio madogo kidogo. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Katika kile kisiki kinene nilimchonga baba. Sikukigeuza, nilikiacha mizizi chini, kama amesimama shambani. Nilimchonga kama alivyosimama siku ile, mkono mmoja umeinuliwa kumnyamazisha mtu. Ilinichukua mvua za masika zote. Nilipompelekea, aliizunguka kama alivyozunguka rundo.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, Baba."

"Mguu wa kushoto umenirefushia."

Halafu akaniambia niiweke sebuleni, karibu na redio. Wazee wenzake wakija kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, anawaonyesha kwa kidevu. Mama yetu alikuwa ameshafariki, na sanamu ile ilikuwa kisiki cha mti waliopanda pamoja. Akaniambia mara moja tu: "Hii isitoke humu kihambani." Nikasema, "Haitatoka, Baba." Mmenisikia? Nilisema.

Mwaka uliofuata akaja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mwandaaji wa maonyesho, mtu mwenye adabu, sina baya naye. Akachagua sanamu zangu saba. Halafu akaingia sebuleni kumsalimia baba, akaiona ya nane.

Akanivuta nje. "Kaka Deo, maonyesho yote ni ile pale. Hizi nyingine ni ndugu zake tu."

"Ile haitoki. Nimemwahidi mzee."

"Inakwenda kuonekana tu. Itarudi."

Nilijua kwamba ikitoka haitarudi. Mtu asiwadanganye, mchongaji anajua kazi yake ipi itatamaniwa. Lakini nilikuwa na umri wa mtu mzima na bado naitwa fundi wa twiga. Nilitaka jina. Baba alikuwa kanisani siku ya kupakia. Nilingoja aende kanisani.

Aliporudi akakuta pale kando ya redio pana alama ya vumbi tu.

"Imekwenda Dar kuonekana," nikamwambia. "Inarudi."

"Sawa," akasema.

Ilionekana Dar, ikapelekwa Ulaya kuonekana zaidi, na huko ikapata mnunuzi. Waliniuliza kwa barua kama nakubali. Nikakubali. Malipo yangu nilipata yote kwa wakati, kwa hiyo sina hata mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nikawa msanii. Wakaanza kunialika. Na kila nilipopanda Uru, kabla sijaketi, baba alikuwa ananiuliza swali moja: "Amerudi?" Hakuuliza kama imerudi. Alikuwa anauliza amerudi, kama anavyoulizwa mtu.

"Bado, Baba."

Nilimdanganya hivyo karibu miaka miwili. Fundi Saidi nilimweleza ukweli, nikitegemea atanifariji. Alikuwa amekaa nje ya kibanda, haoni tena, ananoa kwa kupapasa.

"Sisi wengine tumeuza twiga," akasema. "Wewe umemuuza baba yako. Nenda kamwambie."

Sikwenda. Kilichonipeleka ni kitabu cha maonyesho kilichotumwa kwa posta, chenye picha. Nikakibeba hadi Uru. Nilimfungulia ukurasa, nikamweleza yote, mnunuzi, barua, na kwamba nilikubali mwenyewe. Aliishika picha mbali na macho, kisha karibu.

"Wameniandika nani?"

Nilikuwa natumaini hataliuliza hilo. "Wameandika Mzee wa Kiafrika."

Akafikiri. "Wa kijiji gani?"

Kijiji hakikuandikwa. Ndiyo maana nawakasirikia mnaponiletea kazi zisizo na kitu chini. Geuza sanamu yako, chonga jina lako, na kama umemchonga mtu, chonga jina la mtu huyo na kijiji chake. Mimi sikuandika Kanuti wa Uru. Nilidhani uso unatosha.

Baba alifunga kile kitabu akanirudishia, na kuanzia siku ile hakuuliza tena. Angeendelea kuuliza ningeshukuru. Nilimkuta anasalimia vizuri, ananipa bakuli la mtori, ananiuliza habari za watoto, kama mgeni anayeheshimiwa. Nikaona dawa ni moja, nichonge nyingine. Nikatafuta kisiki kilichobaki cha shamba lile lile. Nilichonga miezi mitano, sikugusa kazi nyingine. Nilirekebisha hata mguu wa kushoto. Ilikuwa bora kuliko ya kwanza, na sisemi kwa majivuno, mkono wangu ulikuwa umekomaa. Nikaipandisha Uru kwa gari la kukodi, nimeifunga blanketi. Sirili akanisaidia kuiingiza.

Baba aliitazama. Safari hii hakuizunguka.

"Huyu si mimi," akasema.

"Ni wewe, Baba. Angalia mkono."

"Mkono ni wangu. Uso ni wako. Huyu ni mtu anayetaka asamehewe." Akaketi. "Na mtu akitaka asamehewe, Deogratias, anakuja na sale. Haji na gogo."

Nyinyi wa mjini huenda hamlijui sale vizuri. Ni lile jani refu la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu unalishika mkononi unamwendea, na akiliona hawezi kukukataa, hata kama umemwaga damu yake. Mmea wenyewe ulikuwa hatua ishirini kutoka pale tulipokaa. Nilikuwa nimeupita kila nilipokuja, miaka miwili ya kudanganya na miezi mitano ya kuchonga. Nilivunja patasi mbili nikitafuta neno ambalo lilikuwa limeota getini.

Nilitoka nje. Sirili alikuwa amesimama mlangoni, akajifanya anatazama ng'ombe. Nikachuma jani, nikalikunja fundo kama tulivyofundishwa, nikarudi nikapiga magoti, mtu mzima mwenye mvi, nikampa baba kwa mikono miwili. Nilisema nimekosa. Aliniacha nimalize. Kisha akalipokea.

"Haya. Yamekwisha," akasema. "Sasa hilo gogo lako litoe nje, linaziba redio."

Siku iliyofuata alichimba shimo mwenyewe katikati ya nyasi za Sirili, pale pale ulipokuwa mbuni wake wa kwanza. Akaishindilia ile sanamu mizizi chini mpaka magotini, ikasimama kama mti, mkono umeinuliwa kuwanyamazisha ng'ombe. Sirili alilalamika kuhusu nyasi zake. Hakuna aliyemsikiliza.

Sasa mimi ni fundi. Najua mbao ikizikwa kwenye udongo wa huku, na mvua zetu na mchwa wetu, inakuwaje. Mvua za vuli zilipoanza nikapanda na kopo la mafuta na brashi. Nikamkuta baba kwenye kigoda, anamenya ndizi.

"Baba, acha niipake mafuta. Itaoza."

"Na mimi je?" akasema.

Nilikuwa na majibu mengi ya kifundi. Nilisimama pale na brashi yangu mkononi kama mpumbavu. Akanitazama, akaudhika.

"Weka hilo kopo chini. Ng'ombe hawajala tangu asubuhi, kamsaidie mwenzako kukata nyasi."

Nikaliweka chini. Nikachukua mundu, nikaingia kwenye nyasi na Sirili, nikakata kuizunguka ile sanamu kwa uangalifu, huku mvua ikianza kuipiga usoni. Na nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyenichoka kabisa, nikamsikia baba akisema kwamba nashika mundu vibaya.